Naomba ushauri: dirisha kuu la programu lifungwe ukubwa wake au liachwe huru?

Fundi Chipukizi: Wakuu, naandika kwa Java Swing (zana za Java za kuunda madirisha na vitufe) programu ya mauzo ya duka moja la dawa, na siku ya makabidhiano imekaribia. Je, dirisha kuu nilifunge ukubwa wake, au nimwachie mtumiaji alitanue na kulipunguza apendavyo? Nachelea kwamba akilivuta, mpangilio utavurugika na lawama zitaniangukia.

Mkongwe wa Kibodi: Ndugu, katika Windows 1.0 ya mwaka 1985 madirisha ya programu yalipangwa ubavu kwa ubavu, wala hayakupandana hadi toleo la 2.0 la mwaka 1987. Mimi nilianza kazi enzi za kompyuta ndogo zenye kioo cha pikseli 1024 kwa 600, ambapo dirisha lililofungwa ukubwa liliweza kuficha kitufe cha Hifadhi chini ya ukingo wa kioo, nasi tukabonyeza Enter kwa kubahatisha.

Pembe Nne: Hajatuambia vipimo. Dirisha lina ukubwa gani, na kompyuta ya dukani ikoje?

Fundi Chipukizi: Dirisha ni 1280 kwa 700, kioo cha kaunta ni 1366 kwa 768, kwa hiyo linaenea. Ila mwenye duka ni mtu mzima, naye amekuza maandishi hadi asilimia 125. Vitufe vyote nimevipanga kwa setBounds, yaani kila kimoja kwa namba za mahali na ukubwa wake, na kubadili sasa ni kuanza upya, hivyo nilikusudia kumwomba arudishe asilimia 100.

Bi Staha: Mwanangu, huyo mzee anasoma majina ya dawa yanayofanana. Usimpunguzie maandishi ili msimbo wako usiguswe.

Shahidi: Nashuku kwamba kisa hiki ni swali la mtihani. Kwa asilimia 125 dirisha hilo linadai pikseli 1600 kwa 875; mwandishi gani wa programu asingeliona hilo mapema?

Fundi Chipukizi: Si mtihani, mkuu. Kioo changu ni 1920 kwa 1080, bila kukuza. Nililiona tatizo katika picha aliyonitumia, kitufe cha malipo kikiwa hakionekani.

Shahidi: Unatumia Java ipi?

Fundi Chipukizi: 17.

Shahidi: Basi naondoa shaka, kwa kuwa kuanzia Java 9 programu za Swing hufuata ukuzaji wa Windows, ilhali toleo la 8 lingebaki na maandishi madogo, na dirisha lingeenea.

Pembe Nne: Kwa ukuzaji huo, kioo cha kaunta sasa ni sawa na 1093 kwa 614, tena upau wa chini unakula sehemu. Tumia BorderLayout, mpangilio unaogawa dirisha kuwa katikati na kingo: jedwali la dawa likae katikati ndani ya JScrollPane (eneo la kusogeza), vitufe vikae chini, na setMinimumSize, yaani ukubwa wa chini kabisa, iwe 900 kwa 540. Jedwali ndilo litakalopokea nafasi inayoongezeka, na vitufe havitapotea.

Fundi Chipukizi: Na kidirisha cha nenosiri? Hicho nilitaka kibaki kimefungwa.

Pembe Nne: Kibaki, kwa sababu hakina cha kutanua, ila kipimwe kwa pack(), inayokipa ukubwa unaotosha vilivyomo, si kwa namba zako.