Tupeane uzoefu: elimu ya ujasiriamali ilikusaidia nini?

Ndugu wanachama, naomba kila aliyewahi kusoma au kufundisha ujasiriamali aeleze jambo moja ambalo somo hilo lilibadilisha katika kazi yake. Naanza mimi. Mwalimu wetu hakupokea mchanganuo wa biashara wa kundi lolote ambalo lilikuwa bado halijamuuzia kitu mtu asiye ndugu wala rafiki. Kundi letu lilishona madaftari kwa karatasi zilizotumika upande mmoja, na tulipowauliza wanunuzi wanayatumiaje, tuligundua kwamba wengi waliyataka madogo ya kuingia mfukoni, nasi tukayakata nusu. Kisha mwalimu akatutaka tuingize katika gharama ujira wa saa zetu wenyewe. Faida tuliyokuwa tukiishangilia ikabaki kidogo sana, ikabidi tupange bei upya. Hadi leo sitaji bei ya kazi yoyote kabla ya kuhesabu muda wangu.

Mchangiaji wa kwanza: Mimi sikufungua biashara, nimeajiriwa katika ghala, na bado nalithamini somo hilo. Ndilo lililonifundisha kwamba mzigo unaokaa bila kuuzwa ni mtaji uliolala, na kwa msingi huo nilimwandikia mwajiri wangu pendekezo la kuagiza kidogo kidogo, akalikubali. Si haki kuipima elimu hii kwa idadi ya kampuni zinazosajiliwa peke yake.

Mchangiaji wa pili: Ninafundisha somo hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliwagawa wafanyabiashara wadogo 1,500 wa Lomé, Togo, katika makundi matatu, moja likiwa halikupewa mafunzo. Waliofundishwa kujituma, kubuni na kutangulia kuiona fursa waliongeza faida kwa asilimia 30 hivi, ilhali waliopewa mafunzo ya kawaida ya hesabu na masoko waliongeza asilimia 11 hivi tu. Hao hawakuwa wanafunzi, walikuwa na biashara tayari, lakini matokeo yao yanamhusu kila mwalimu. Biashara inayobuni hukua, ikaajiri, ikanunua malighafi kwa wengine na kulipa kodi; inayoanzishwa kwa kumwiga jirani mara nyingi hugawana naye wateja walewale. Ndiyo maana nimepunguza alama za mtihani wa kuandika, na sehemu kubwa sasa ninaitoa kwa mabadiliko ambayo mwanafunzi ameyafanya katika bidhaa yake baada ya kuwasikiliza wateja.