Wametuhamishia mfumo, kumbukumbu za mafundi wamezikata mkia, na hakuna anayejibu

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha. Mimi ni mratibu wa mafundi wa nje. Kazi yangu ni kupokea simu ya mteja, kujua mashine yake iko wapi, nani aliigusa mara ya mwisho, waranti imebaki au imeisha, kisha kumtuma fundi anayefaa akiwa na spea inayofaa. Nimeifanya kazi hii kwa miaka tisa. Kampuni yetu inahudumia jenereta na mitambo ya ubaridi. Wiki tatu zilizopita tulihamishwa kutoka mfumo wa zamani wa kazi za mafundi kwenda kwenye CRM mpya (mfumo wa kutunza taarifa za wateja), na tangu hapo kutwa nzima naomba radhi kwa watu ambao sikuwakosea mimi.

Nianze na kilichonifanya nifungue uzi huu.

Juzi nilimtuma kijana mgeni, ana miezi miwili kazini, kwenye jengo lenye jenereta mbili. Kwenye mfumo wa zamani, ukifungua jengo lile unakutana na maelezo ya fundi mzee ambaye sasa amestaafu. Yanaanza na mambo ya kawaida: ingilia geti la nyuma, ufunguo wa chumba cha mitambo anao mlinzi wa zamu, usiegeshe gari kwenye njia ya zimamoto, ukimkosa mlinzi mpigie msimamizi wa jengo. Halafu mwishoni kabisa ndipo alipoweka jambo lenyewe: ukizima jenereta ya kwanza, ya pili inajiwasha yenyewe baada ya sekunde chache na paneli inapata umeme tena, kwa hiyo funga zote mbili na uchomoe betri zake kabla hujagusa chochote.

Kwenye CRM mpya maelezo yale yanaishia kwenye "ukimkosa mlinzi mpigie msima". Basi. Neno limekatwa katikati. Kisanduku walichokitengeneza kinabeba herufi 255, na kilichozidi kimetupwa bila onyo lolote. Hiyo 255 ni kikomo cha tangu enzi urefu wa maandishi ulipohesabiwa kwa baiti moja, ambayo hubeba namba kuanzia 0 mpaka 255 tu. Siku hizi karibu kila mfumo una kisanduku cha maandishi marefu. Mtu alitakiwa kuchagua aina hiyo tu, na kabla ya hapo kuangalia maelezo marefu kuliko yote kwenye data yetu yana herufi ngapi. Ni swali la dakika moja kwenye kanzidata. Halikuulizwa.

Kijana alizima ya kwanza, akafungua kifuniko cha paneli. Kilichomwokoa ni kwamba amefundishwa vizuri: alipima kwa testa kabla ya kuingiza mkono. Akanipigia, sauti inatetemeka. "Dada, mbona hapa kuna umeme? Si uliniambia hili jengo halina maelezo ya hatari?" Ndiyo, nilimwambia hivyo, kwa sababu ndivyo skrini ilivyoniambia. Ana mama yake mgonjwa anayemtegemea, yule kijana. Nilipokata simu mikono yangu ilikuwa baridi, na mpaka leo nikikumbuka nasikia tumbo linanikaza.

Nikalipeleka jambo hili kwenye kikao cha mradi. Mnajua nilijibiwa nini? Nilionyeshwa ripoti kwenye projekta: idadi ya rekodi za kule na idadi ya rekodi za huku zinalingana, kwa hiyo uhamishaji umefanikiwa. Jamani! Mistari inalingana hata kama kila mstari umekatwa mkia. Mlichohesabu ni mifuko, hamkufungua hata mmoja kuona ndani kuna nini. Kungechukuliwa majengo hamsini tu, tena yale magumu, akakaa mratibu na fundi mmoja wakalinganisha mfumo wa zamani na mpya kisanduku kwa kisanduku, hili lingeonekana asubuhi ileile.

Na si hilo tu.

Data yetu ilitolewa kwenye mfumo wa zamani kama faili za CSV (maandishi matupu, kolamu zikitenganishwa kwa mkato), kisha mtu akazifungua kwenye Excel "kuzisafisha", akahifadhi, ndipo zikapakiwa. Anayeshika data za mashine anajua balaa la njia hii. Namba ya simu inayoanza na sifuri inapoteza sifuri. Namba ya siriali kama 45E7 inageuzwa kuwa milioni 450, kwa sababu Excel inadhani hiyo E ni ya kihesabu. Namba yenye tarakimu zaidi ya 15 inabaki na 15 za kwanza, zinazofuata zinakuwa sifuri. Tuna compressor kadhaa ambazo sasa zina siriali moja, eti ni mashine moja iliyo kwenye majengo tofauti! Na hili si jambo jipya kwa mtu anayelipwa kwa kazi hii. Mwaka 2020 kamati ya kimataifa inayosimamia majina ya jeni za binadamu ilitangaza kubadili baadhi ya majina kwa sababu Excel ilikuwa inayageuza kuwa tarehe: MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1. Mwaka huohuo Uingereza ilichelewa kuripoti wagonjwa 15,841 wa korona kwa sababu data ilipitishwa kwenye faili la Excel la muundo wa kizamani, ambalo halivuki mistari 65,536. Wanasayansi walibadili majina ya jeni. Sisi tumeshindwa kumwambia mtu mmoja aiweke ile kolamu kuwa maandishi kabla ya kufungua faili.

Tarehe ndizo zinazoniliza zaidi, kwa sababu kosa lake halionekani. Mfumo wa zamani unaandika siku kwanza, mwezi baadaye. Mpya ulipangwa kusoma mwezi kwanza. Tarehe 25/06 ikikataliwa, unaiona kwenye orodha ya makosa, unairekebisha. Lakini 03/04 haikataliwi. Inaingia kimya kama tarehe 4 mwezi wa tatu wakati ilikuwa tarehe 3 mwezi wa nne. Nimekaa nikapiga hesabu: kwenye mwaka mmoja zipo tarehe 132 zinazoweza kugeuka hivyo bila mfumo kulalamika. Zidisha kwa miaka ya historia tuliyonayo. Waranti zimeisha kabla ya wakati, nyingine zimeongezewa miezi ambayo hatukumuahidi mtu. Kama wangeandika tarehe zote kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, ule wa ISO 8601 uliopo tangu 1988, tusingekuwa hapa.

Ratiba za sevisi nazo zimekufa. Jenereta zetu nyingi tunazifanyia sevisi kila baada ya saa 250 za kazi, kwa hiyo unahitaji kujua mita ilisoma ngapi mara ya mwisho. Usomaji wa mita haukuhamishwa kabisa. Mfumo mpya unaanza kuhesabu kutoka sifuri, maana yake jenereta iliyokuwa imefika saa 240 sasa inasubiri saa 250 nyingine juu ya zile, na oili ileile. Zile za kila miezi mitatu zimepangwa kuanzia siku ya kupakia data, kwa hiyo kuna Jumatatu moja inakuja ambayo mashine zote zinataka sevisi siku hiyohiyo. Nani atazifanya? Nina mafundi kumi na wanne.

Kwenye hali za kazi, sisi tulikuwa na "Inasubiri spea". Mfumo mpya una nne tu: mpya, imepangwa, inaendelea, imefungwa. Mtu aliyekuwa anaoanisha hali za zamani na mpya akaamua kwamba inayosubiri spea iende kwenye imefungwa. Sijui kwa nini, na hakutuuliza. Kazi zote za wateja wanaosubiri vipuri zikapotea kwenye skrini yangu usiku mmoja. Compressor ya chumba baridi cha mteja mmoja ilifika stoo, ikakaa siku sita, hakuna aliyejua ni ya nani. Mteja ndiye aliyepiga simu, ameshapoteza mzigo. Akanisomea namba ya kazi kutoka kwenye karatasi aliyoachiwa na fundi, nikaitafuta, haipo. Namba za zamani hazikuhifadhiwa. Kolamu moja tu ya namba ya zamani, wakuu! Kila mtu aliyewahi kuhamisha data anajua kwamba namba ya zamani inasafiri pamoja na rekodi, ili uweze kurudi nyuma na kulinganisha, na ili ukipakia upya usizalishe rekodi mbilimbili.

Halafu kuna usiku wa meseji. Wakati wanapakia historia hawakuzima zile meseji zinazojituma. Kila kazi ya zamani ilipoingia, mfumo ukaiona kama kazi mpya ukamtumia mteja ujumbe: "Fundi wako yuko njiani." Simu ya dharura usiku ule nilikuwa nayo mimi. Saa tisa usiku akanipigia mama mmoja mtu mzima, anaishi peke yake, amepokea meseji arobaini na kitu mfululizo. "Mwanangu, ni mafundi wangapi hao wanakuja kwangu usiku huu? Nimefunga mlango, naogopa." Nilikaa naye kwenye simu mpaka akatulia. Asubuhi mtu wa mradi akaniambia ni "hitilafu ndogo ya siku ya kwanza".

Haya mengine nayataja harakaharaka maana nikiyachambua sitamaliza. Wateja waliunganishwa kwa namba ya simu, kwa hiyo majengo yote yanayosimamiwa na mtu mmoja yamekuwa mteja mmoja. Anwani ya ankara ndiyo iliyochukuliwa, ya mahali mashine ilipo imeachwa, na mafundi wanafika ofisi za wahasibu. Picha zimehamishwa zikiwa hazijaunganishwa na kazi yoyote. Historia yote inaonyesha iliundwa Jumapili moja, kwa sababu mfumo hujaza tarehe hiyo wenyewe usipoomba mapema ruhusa ya kuingiza ya zamani. Na kazi zilizokuwa kwenye vishikwambi vya mafundi waliokuwa nje ya mtandao Ijumaa ile jioni hazikuwahi kupanda, zimepotea na sahihi za wateja ndani yake.

Haya yote yalifanywa wikendi moja, kwa mkupuo, bila jaribio hata moja kamili la kuhamisha data yetu halisi. Benki ya TSB ya Uingereza ilihamisha wateja wake zaidi ya milioni 5 Aprili 2018, watu wengi wakafungiwa nje ya akaunti zao, na Desemba 2022 wasimamizi wa sekta wakaipiga faini ya pauni milioni 48.65. Mfano uko wazi kwa yeyote anayepanga kazi ya namna hii.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba hakuna aliyetuuliza. Vikao vilikuwa vya mauzo, fedha na wale jamaa wa mfumo. Mwezi mzima kabla ya kuhama niliandika barua pepe mbili nikiomba nionyeshwe jinsi visanduku vinavyooanishwa. Nilijibiwa kwamba waratibu watapewa mafunzo mfumo ukishawashwa. Yule fundi mzee aliandika maelezo yake kwa kidole kimoja kwenye kishikwambi, amesimama kwenye joto la chumba cha mitambo, ili mwenzake atakayekuja baada yake arudi nyumbani salama. Mtu akaiona kama kolamu ya "maelezo mengine" akaipa herufi 255.

Ninachodai kazini nimekiandika na nakirudia hapa. Mfumo wa zamani usizimwe. Wamesema leseni yake inaisha mwisho wa mwezi na hawataiongeza. Waiongeze, hata kwa kusoma tu. Maelezo ya majengo yapakiwe upya kutoka kwenye bakapu, yakiwa kamili, kabla ya kitu kingine chochote, kabla ya ripoti za mauzo na kabla ya dashibodi ya wakubwa. Na kwenye timu ya marekebisho awepo fundi.

Waliopita kwenye janga hili naomba mnisaidie: mliwezaje kuoanisha rekodi za zamani na mpya kama namba ya zamani haikuhifadhiwa? Nafikiria kutumia siriali pamoja na anwani, lakini siriali zenyewe ndizo hizo zilizoharibika.

NYONGEZA: Mmoja ameuliza kwa nini nisisubiri wamalize marekebisho. Kwa sababu kesho saa moja asubuhi natuma watu. Nimechapisha kutoka mfumo wa zamani maelezo ya majengo yote ambayo yamekatwa, nimepata kurasa mia na ushee, na usiku huu nayapitia moja moja kwa kalamu nyekundu kutafuta neno umeme, gesi, paa na mbwa. Nimefika ukurasa wa 38. Nikimaliza nitawapigia mafundi simu mmoja mmoja na kuwasomea.