Ukoo wa Majengo: Neymar anaanguka au anaangushwa?

Mama Swale: Kaka Hamisi, huyu Swale wangu amerudi mguu umevimba kama andazi na hataki kuniambia kitu. Kumetokea nini kwenye mechi huko Kamukunji?

Mjomba Hamisi: Kwanza muulize kadi alipewa ya nini.

Mama Swale: Kadi tena?

Mjomba Hamisi: Ya njano. Alijirusha. Nilikuwa nimesimama kwenye mstari, kama kutoka mlangoni kwako hadi kwa jirani. Beki wa kwanza kampita, wa pili kampiga tobo safi, mpira katikati ya miguu, watu wote wamesimama. Amebaki yeye na kipa, mpira uko mguu wa kulia, ule anaoupenda. Badala ya kupiga, akaburuta ncha ya kiatu kwenye vumbi, akatupa mikono juu, akaanguka na kuviringika mara tatu. Hakuna aliyemgusa. Vumbi linatulia, refa ameshafika na kadi iko juu.

Mama Swale: Na mguu je?

Mjomba Hamisi: Mguu ni kipindi cha pili, na hapo aliumizwa kweli. Beki alimkanyaga kifundo, nimeona kwa macho yangu. Refa akapunga mikono mchezo uendelee. Mtoto analia pale chini na wenzake wa timu yake mwenyewe wanamwambia inuka bwana, acha hizo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama Swale: Subhanallah. Namchemshia maji ya chumvi sasa hivi.

Saumu: Shangazi mdogo, leo usimkande na maji moto, ni barafu. Funga vipande kwenye kitambaa, dakika 15 hivi, halafu mguu ukae juu ya mto.

Rama: Mjomba shikamoo. Lakini refa amekosea. Kadi ya kipindi cha kwanza haifuti faulo ya kipindi cha pili.

Mjomba Hamisi: Marahaba. Amekosea na nimemwambia baada ya mechi. Lakini nani alimfundisha refa kutomwamini Swale? Na Swale mwenyewe nani alimfundisha? Ni hizo klipu za Neymar, yule mshambuliaji wa Brazil, mnazomjazia kwenye simu.

Rama: Ni mimi niliyemtumia, sikatai. Nilimtumia mabao na chenga.

Saumu: Rama, hata ile ya kuviringika mechi ya Serbia, Kombe la Dunia la Urusi 2018, ilikuwepo. Nimeiona kwenye simu ya mama yake.

Rama: Hiyo sikumtumia mimi. Zimejaa kila mahali. Na ndiyo shida yangu na watu wanaomzungumzia Neymar, wanakumbuka wiki tatu za Urusi na kusahau yote mengine. Akiwa na miaka 19 tu aliipa Santos, klabu yake ya Brazil, Copa Libertadores ya 2011, kombe la klabu bingwa Amerika Kusini ambalo Santos hawakuwa wamelishika tangu enzi ya Pele, 1963. Akaenda Barcelona, fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2015 dhidi ya Juventus akafunga. Mwaka wa 2016 akaipatia Brazil dhahabu yake ya kwanza ya soka la wanaume katika Olimpiki, pale Maracanã. Frikiki akafunga yeye, penalti ya mwisho akapiga yeye.

Mjomba Hamisi: Kipaji chake sijakikana hata siku moja. Yule kijana mpira ulikuwa unamsikiliza. Kanzu anapiga, mpira juu ya kichwa cha beki, tobo anapiga, mguu wa kushoto na wa kulia, pasi anaitoa bila kutazama. Usiku ule Barcelona wanawafunga PSG ya Paris 6-1, Machi 2017, watu wanamtaja Messi lakini aliyeibeba mechi dakika za mwisho ni Neymar. Frikiki dakika ya 88, penalti, halafu ule mpira aliomdokolea Sergi Roberto akafunga. Nilitazama pale kibandani na nilirudi nyumbani bila sauti.

Mjomba Hamisi: Lakini hiyo penalti ilipatikanaje? Mwenzake Suárez alianguka kwa mguso mdogo tu. Mimi nilishangilia kama wengine. Kesho yake nikaitazama tena na furaha ikapungua.

Baba Swale: Salaam nyote. Niko steji nasubiri gari lijae. Shemeji, ninavyojua mimi Neymar alivunjwa mgongo. 2014, robo fainali na Colombia, yule beki wao Zúñiga alimwingiza goti nyuma. Uti wa mgongo ulipata ufa, Kombe la Dunia likaishia hapo akiwa na miaka 22, na siku nne baadaye Brazil wakapigwa 7-1 na Ujerumani yeye hayupo. Mtu aliyepitia hayo akiona mguu unakuja ataogopa.

Rama: Hapo umenena baba mdogo! Na hata huko Urusi alifika akiwa ametoka kufanyiwa upasuaji wa mguu mwezi Machi. Mechi ya kwanza na Uswisi akachezewa faulo 10. Mechi moja! Tangu Alan Shearer wa Uingereza mwaka wa 1998 hakuna aliyewahi kuchezewa nyingi hivyo katika mechi moja ya Kombe la Dunia. Watu wanahesabu alivyoviringika, mateke hawayahesabu.

Mjomba Hamisi: Na mechi ya pili, Costa Rica? Ameingia ndani ya boksi, nafasi anayo, beki kamgusa kidogo tu kifuani, akajitupa nyuma. Refa akatoa penalti, akaitwa kwenye skrini, akaifuta. Bao lake halali lilikuja dakika za nyongeza, akalia uwanjani. Yaani kumbe bao lilikuwepo ndani yake muda wote huo. Kwa nini alihitaji ule uongo?

Rama: Presha mjomba. Nchi nzima iko mgongoni.

Saumu: Naomba niseme kama beki, kwa sababu hapa wote ni washambuliaji. Mimi winga akiruka mguu wangu ili asiumie, simwiti mwongo. Sheria yenyewe inasema ukijaribu kumpiga mtu teke au kumtega ni faulo, hata kama hukumpata. Nikichelewa na yeye ameokoa kifundo chake kwa kuruka, kosa ni langu. Hiyo nakubali na kadi nachukua.

Saumu: Ninaye mwingine ambaye siwezi kumsamehe. Anakupita, anahisi uko nyuma, anapunguza mwendo na kuuacha mguu wake ubaki ili ugongane na wako. Umetulia, hujafanya lolote, unasikia tu filimbi na ukelele. Mwaka jana nilitolewa kwa kadi nyekundu kwa kitu kama hicho, nikakosa nusu fainali. Nilikaa kwenye basi peke yangu timu ikiwa uwanjani. Mpaka leo yule dada nikikutana naye sokoni Gikomba najizuia.

Mama Swale: Kumbe ndiyo siku ile ulikuja kwangu umevimba macho ukasema ni vumbi.

Saumu: Ndiyo shangazi mdogo.

Rama: Pole dada. Hilo hukuwahi kuniambia.

Mjomba Hamisi: Saumu umenisaidia. Kuruka na kuigiza ni vitu viwili. Neymar alifanya vyote, tena wakati mwingine katika mechi moja, na ndiyo maana alipoumia kweli hakuaminiwa. Hukohuko Urusi, Layún wa Mexico alimkanyaga kifundo akiwa amekaa nje ya mstari. Kweli alimkanyaga! Lakini alivyojipinda na kupiga mayowe, dunia nzima ikamzungumzia yeye, Layún akasahaulika. Leo nimeona kitu kilekile Kamukunji kwa mtoto wa miaka 14.

Baba Swale: Wapo waliokiri lakini. Robben wa Uholanzi, Kombe la Dunia 2014, baada ya kuwatoa Mexico. Penalti ya mwisho alisema ni halali, ila akakubali kwamba kipindi cha kwanza kuna mara alijiangusha, akaomba msamaha.

Mjomba Hamisi: Nakumbuka. Mexico hawakumsamehe, na mimi nawaelewa. Lakini nilimheshimu.

Rama: Neymar pia alikuja kukiri, mwezi Julai mwaka huohuo wa 2018. Alisema wakati mwingine anaongeza chumvi, ila kuna maumivu ambayo watu hawayaoni.

Saumu: Alikiri ndani ya tangazo la nyembe, Rama. Alilipwa.

Rama: Sawa, hapo sina jibu.

Rama: Ila mjomba niruhusu niseme hili halafu ninyamaze. Kombe la Dunia la Qatar 2022 kifundo cha Neymar kiliumia mechi ya kwanza na Serbia, akakosa mbili, akarudi. Bao alilowafunga Croatia muda wa ziada, ameanza mbali kabisa, pasi hapa, pasi pale, kampita kipa, kafunga. La 77 kwa Brazil, akamfikia Pele. Mechi nzima hiyo mimi sikuona uigizaji. Halafu ikaenda penalti, yeye amewekwa wa tano, Brazil wakatolewa zamu yake haijafika. Alilia mpaka nami nikalia. Swale anampenda mtu huyo, hampendi yule wa kuviringika.

Mjomba Hamisi: Basi mtumie lile bao. Usiku huu. Mwambie alitazame kuanzia katikati ya uwanja, ahesabu ni mara ngapi Neymar anaguswa na bado yuko wima.

Rama: Natuma sasa hivi.

Mama Swale: shikamoo mjomba ni mimi swale nimechukua simu ya mama

Mjomba Hamisi: Marahaba. Mguu unaendeleaje?

Mama Swale: umepungua kidogo na barafu. mjomba nilisoma yote. ile ya kwanza ni kweli hakunigusa. yule beki ndiye aliniumiza wiki iliyopita kwenye ugoko nikikuonyesha bado kuna alama. nilimsikia anakuja nyuma nikaogopa. sikukumbuka kipa nilikumbuka ugoko tu

Mjomba Hamisi: Kwa nini hukuniambia kuhusu huo ugoko?

Mama Swale: nilidhani utaniweka nje

Baba Swale: Mwanangu, na mimi hukuniambia.

Mama Swale: pole baba

Saumu: Swale, ukimsikia beki nyuma yako, weka mwili wako kati yake na mpira, upande wa bega. Akikupiga hapo kila mtu ataona. Kifundo kikipona nitakuja Kamukunji tufanye mazoezi. Nitakukaba mimi mwenyewe, na sitakuonea huruma, lakini sitakuumiza.

Mama Swale: sawa dada saumu

Mjomba Hamisi: Na vile vikinga ugoko vya Rama viko wapi?

Rama: Viko kwa mama, juu ya kabati. Nitavileta kesho baada ya alasiri. Ni vikubwa kidogo, atafunga na soksi mbili.

Mjomba Hamisi: Vizuri. Swale, Jumamosi huchezi. Utakaa nami kwenye mstari. Kabla mechi haijaanza tutakwenda wote wawili kwa refa, umwambie ile ya kwanza ulijiangusha, na mimi nitamwonyesha kifundo.

Mama Swale: ni refa yuleyule?

Mjomba Hamisi: Yuleyule.

Mama Swale: na nikishamwambia atakuwa ananiamini?

Mjomba Hamisi: Siku hiyohiyo pengine hapana. Itachukua mechi kadhaa. Mimi nitakuwa pale kila mechi.

Mama Swale: sawa mjomba. hilo bao la croatia limeingia. naliangalia