WANA WA NGAMIANI (bila Bimkubwa)

ALHAMISI

Mwanaidi 20:04
Assalaam alaykum ndugu zangu. Leo nimeongea na Bimkubwa, kompyuta inamtesa jamani. Anaiwasha, anakwenda kuinjika chai, anarudi bado kile kiduara kinazunguka. Hesabu za kikoba za mwezi huu kaziandika kwa mkono na yeye ndo katibu. Tuchange tumtengenezee, isizidi laki na nusu yote. Hamisi wewe ndo fundi, toa mchanganuo

Mwanaidi 20:41
Naona tiki za bluu tu

Mwanaidi 21:15
Hamisiiii

Hamisi 21:52
W/salaam da Mwana nilikuwa kwenye daladala. Iko hivi, ile ni Dell OptiPlex 790, prosesa yake i3 ya kizazi cha pili, mashine yenyewe haina ubaya ila RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni 2GB na diski ni ile ya kuzunguka ya siku nyingi, hapo ndo inapokwama. Tukiweka SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, ya 240GB kama elfu 70, RAM za DDR3 4GB mbili za mtumba kama elfu 40, waya wa SATA wa kuichomekea elfu 5, itawaka ndani ya nusu dakika. Na kibetri cha mazabodi CR2032 buku mbili

Kombo 21:55
Nusu dakika?? Basi chai Bimkubwa ndo hatakunywa tena 😂

Zuhura 21:56
😂😂😂

Mwanaidi 21:58
Kombo shemeji yangu tafadhali. Hamisi betri ya nini tena, ile si ya umeme

Hamisi 22:06
Hiyo ndo inatunza saa na tarehe umeme ukikatika. Ikiisha, kila LUKU ikikata tarehe inarudi nyuma miaka mingi, sasa ukifungua intaneti bruza inagoma inasema tovuti si salama, sababu vyeti vya tovuti vina tarehe zake na mashine inajiona iko mwaka mwingine kabisa. Ndo ile siku Bimkubwa kanipigia saa sita usiku anasema kaingiliwa na wezi wa mtandao

Kombo 22:07
Kumbe wezi wenyewe wa buku mbili

IJUMAA

Omari Muscat 01:13
Samahani nilikuwa shifti. Mimi naona tusitie pesa hapo. Microsoft wameacha kuihudumia Windows 10 tangu 14 Oktoba 2025, na 11 ile mashine haiingii, wanataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mnanunua sanda

Hamisi 06:40
Kaka upo sahihi ila simwekei Windows, namwekea mfumo mwingine, Linux Mint, ni ya bure na apdeti zake zinakuja, hayo masharti haina. Yeye kazi zake ni kikoba, mawaidha ya YouTube na WhatsApp basi. Faili zake za Excel zinafunguka kwenye LibreOffice, programu ya bure ya kazi hiyo hiyo

Mwanaidi 06:44
Ataweza? Mwanamke kazoea kubonyeza pale chini kushoto

Hamisi 06:45
Hata Mint menyu iko pale pale chini kushoto. Namkuzia na maandishi

Omari Muscat 09:20
Sawa. Na ile laptopu ya silva niliyompa yule wa Zanzibar alete? Ilikuwa kizazi cha 8 ile. Iko wapi?

Kombo 09:21
😶

Mwanaidi 09:33
Omari usianze. Nasra alikuwa kidato cha sita na Bimkubwa mwenyewe alisema mtoto asome kwanza

Omari Muscat 09:34
Alisema au aliambiwa aseme

Mwanaidi 09:35
Ujumbe huu umefutwa

Mwanaidi 09:41
Na mimi nikianza ya mabati ya Pongwe tutaelewana humu? Watu wanajisahau sana

Zuhura 09:42
Jamani leo Ijumaa

Kombo 09:43
Mabati yapo nauza, geji 30, anayetaka aje inbox 😅

Zuhura 09:43
Kombo toka hapo

Ami Salim 11:58
ASALAM ALEYKUM. NIMESOMA YOTE TANGU JANA. HIYO KOMPYUTA MAREHEMU KAKA ALIINUNUA KWA KIINUA MGONGO CHAKE NA HESABU ZA MINAZI YA KIGOMBE ZIMO HUMO, NANI KAUZIWA NA NANI ANADAIWA, DAFTARI JINGINE HAKUNA. DISKI ISITOLEWE WALA ISIGUSWE MPAKA MIMI NIFIKE NGAMIANI NA HAMISI AWEPO. NA HAYO YA LAPTOPU NA MABATI MTAYAMALIZA MBELE YANGU SI HUMU. MAMA YENU ASISIKIE

Mwanaidi 12:01
Sawa ami

Zuhura 12:01
Sawa ami

Omari Muscat 12:09
Shikamoo ami. Sawa

Hamisi 14:30
Shikamoo ami. Diski haifutwi, SSD inakaa mahali pake na ile ya zamani naiacha humo humo, nafasi ya kuchomeka zote mbili ipo. Ila ami kuna jambo, mara ya mwisho nilipokuja ilikuwa inagonga tik tik tik, ile ni dalili ya kufa. Inatakiwa ikopiwe KWANZA kabla ya hizo SSD na nini, ikifa leo hizo hesabu za Kigombe hakuna fundi wa bei yetu atakayezitoa

Ami Salim 14:52
NGOJENI NIFIKE

Hamisi 14:53
Unafika lini ami?

Kombo 15:10
Tik tik tik, una hakika si saa ya ukutani

Hamisi 15:11
Shemeji hapa sitanii

JUMAMOSI

Mwanaidi 08:00
MCHANGO MPAKA SASA
Mwanaidi 40 ✅
Hamisi ufundi na nauli ya kuja Tanga ✅
Zuhura na Kombo 20, bado 10
Omari ...
Rashidi ...

Hamisi 08:17
Da Mwana hata kabla ya pesa, mwambieni asiiwashe tu. Kila akiwasha anaipunguzia maisha

Zuhura 10:45
Nimempigia. Anasema leo anaingiza mahudhurio ya kikoba, kelele ikizidi anaipiga kofi inanyamaza

Hamisi 10:46
Ya Rabbi

Kombo 10:46
😂😂😂😂 fundi huyo

Omari Muscat 16:02
Natuma Jumatatu. Natuma kwa Hamisi lakini, si kwa mwingine

Mwanaidi 16:03
Sawa

Mwanaidi 16:20
Risiti iletwe humu humu basi, kila mtu aone

JUMAPILI

Rashidi 13:37
Salaam wakubwa nimeona leo. Kompyuta ya nani?

Zuhura 13:40
Rashidi panda juu usome

Hamisi 17:25
Nimepita Kariakoo jana. RAM nimeshika, kibetri nimeshika, SSD ya 70 sasa wanasema 85. Diski ya nje ya kukopia ntaazima kazini ila ni mpaka Ijumaa tu, baada ya hapo wanaitumia. Kuna aliyempata ami?

Zuhura 17:51
Yuko Pangani, anasema anasubiri gari ya Kombo imfuate

Kombo 18:30
Gari ipo gereji