Askofu Albert wa Riga: mjenzi au mvamizi?

Mleta Mada: Wakuu, salaam. Albert, askofu Mjerumani, aliingia Livonia (Latvia na Estonia za leo) mwaka 1200 na merikebu 23, mwaka uliofuata akauanzisha mji wa Riga kando ya mto Daugava. Maaskofu waliomtangulia walishindwa: Meinhard alihubiri mpaka akazeeka, Berthold akachomwa mkuki vitani 1198. Albert alipofariki 1229 tayari kulikuwa na nchi inayotawaliwa na askofu, dini na dola mkono mmoja. Naomba tujadili: bila yeye Riga ingekuwepo? Mimi nasema alijenga. Hata Kaupo, mkuu wa Waliv, wenyeji wa huko, aliyejiunga na Wajerumani, alilielewa hilo mapema kuliko wenzake washamba.

Nyundo: Washamba kivipi? Meinhard aliwaahidi ngome ya mawe wakibatizwa, akaleta waashi kutoka kisiwa cha Gotland. Ngome ilipoisha wakaingia mtoni kuuosha ubatizo. Hao walijua walichokuwa wanakitafuta. Kaupo wako ni msaliti, basi.

Binti wa Kale: Nyundo, punguza jazba. Kaupo alifika Roma, akaonana na Papa Innocent wa Tatu, akapewa vipande 100 vya dhahabu. Aliamini kweli.

Nyundo: Aliamini dhahabu. Mwaka 1206 aliongoza jeshi la Wajerumani hadi Turaida, kwenye ngome yake mwenyewe, ndugu na marafiki zake wakiwa ndani. Ikachomwa. Ukimfanyia hivyo nduguyo utaitwaje kwenu?

Binti wa Kale: Usinihusishe na kwetu. Mwaka 1210 alifiwa na mwanawe na mkwewe katika vita dhidi ya Waestonia, na 1217 naye akafia huko huko, mkuki umepenya ubavu hadi ubavu. Msaliti wa kununuliwa hafiki huko.

Mleta Mada: Jamani, mada ni Albert.

Mdau Mkimya: Haya, Albert. Yeye si ndiye aliyewaleta wale Mashujaa wa Kitutoni, watawa wapiganaji wa Kijerumani?

Karani: Hapana. Kundi la wakati wake ni Ndugu wa Upanga, nao watawa wapiganaji, lilianzishwa 1202. Lilimezwa na Watutoni 1237, baada ya kushindwa vibaya vitani huko Saule mwaka uliotangulia. Albert alishazikwa. Na hao Ndugu walimsumbua mwenyewe, wakadai theluthi ya nchi. Ila kuna jambo mnalipita: habari zote hizi za Kaupo tunazipata kwa Henry, padri aliyemtumikia Albert. Waliv hawakuacha hata ukurasa mmoja. Mnamhukumu mtu kwa ushahidi wa upande mmoja.

Nyundo: Vizuri, twende na huyo huyo padri. Anaandika kwamba Albert aliwaalika wazee wa Waliv kwenye karamu ya pombe, wakafungiwa wote nyumba moja. Wakaogopa kupelekwa Ujerumani, wakatoa watoto wao wa kiume kama 30. Albert akapanda nao merikebu. Mleta mada, huo ndio ujenzi?

Mleta Mada: Kuchukua mateka kulikuwa desturi ya zama zile, hata Waliv na Waestonia walifanya. Usimpime kwa mizani ya leo.

Nyundo: Waliv nao umewapima kwa mizani gani ulipowaita washamba?

Binti wa Kale: Turudi kwa Kaupo. Kabla ya kukata roho aligawa mali yake kwa makanisa yote ya Livonia.

Nyundo: Na wale aliowachomea Turaida walirithi nini?