Ndege ya kujiundia hapa Unguja: alumini, mabomba na kitambaa, au faiba?

MtuWaMbweni: Assalaam alaykum. Ghala nimepata, pesa naweka kidogo kidogo. Nataka ndege ya watu wawili inayokuja vipande vipande, niiunge mwenyewe. Nimebaki na Zenith CH 750 na Van's RV-12, zote za alumini, na Kitfox ya mabomba ya chuma na kitambaa. Injini ni Rotax 912 ULS, nguvu za farasi 100, kwa sababu inakwenda na petroli ya magari ya oktani 95. Mnanishaurije?

FundiMalindi: Waalaykum salaam. Mie fundi wa boti, na kwetu adui ni chumvi. RV-12 sehemu kubwa ni alumini ya aina ya 2024-T3 iliyovishwa ngozi nyembamba ya alumini safi. Ngozi ile ndiyo kinga, lakini kila ukingo uliokatwa na kila tundu la ribiti halina ngozi. Zenith wanatumia alumini ya aina nyingine, 6061-T6: nguvu yake ni ndogo kuliko ile, ila inastahamili kutu zaidi. Mie ningechukua Zenith, na praima (rangi ya kwanza ya kuzuia kutu) ningepaka ndani kabla ya kufunga chochote. Zote mbili ni ribiti za kuvuta, kwa hiyo huhitaji mtu wa kukushikia chuma upande wa pili.

Mchake: Mbona Kitfox mwaipita haraka? Mabawa yanakunjwa, na kitambaa hakishiki kutu.

FundiMalindi: Kitambaa sawa, bomba je? Linaoza kwa ndani na nje limepakwa rangi nzuri. Lizibwe, litiwe mafuta ndani. Na kitambaa chenyewe kinataka rangi ya kuzuia jua, bila hiyo hakidumu.

Mchake: Na faiba? Mafundi tunao.

FundiMalindi: Wapo, lakini epoksi, gundi ya kushikia faiba ya ndege, si rezini ya boti. Masika, kwa unyevu, inatoa utando wa kunata juu; usipouosha na kuupiga msasa, tabaka linalofuata halishiki.

DadaChukwani: Kaka, kabla hujalipa andikia TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Ile asilimia 51 mnayoisoma mtandaoni, kwamba zaidi ya nusu ya kazi uifanye mwenyewe, ni kanuni ya Marekani. Waulize watasajili vipi na nani atakagua bawa kabla halijafungwa. Piga picha kila hatua.

MtuWaMbweni: Ahsanteni sana. Barua naandika wiki hii. Zenith wanauza usukani wa mkia peke yake kwa anayeanza. Wakinijibu vizuri TCAA, naagiza huo kwanza.

FundiMalindi: Usukani ukifika niite, tupake praima kabla ya masika.