Meli inasimama kisiwa cha Santorini, Ugiriki, siku moja tu na mama ana goti, tunapandaje mji wa Fira?

Mwana_Pwani: Wakuu habari. Naishi Stuttgart, mama kaja kunitembelea kutoka Tanga. Mwezi wa tisa tunapanda meli ya utalii pale Piraeus, bandari ya Athens. Santorini tutakuwepo saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Kwa picha nilizoona, Fira iko juu kabisa ya jabali. Mama ana miaka 68, goti la kushoto linamsumbua, lakini kashikilia apande punda. Mimi nataka Oia, kijiji kingine cha kisiwa hicho, tuone jua likizama. Inawezekana?

Baharia Mstaafu: Jua la Oia lisahau. Mwezi wa tisa linazama saa moja imeshapita, nyie mko baharini. Halafu meli kubwa haifungi gati pale, mnashushwa kwa boti ndogo hadi bandari ya zamani chini ya jabali. Kupanda ni ngazi 588, au punda, au vile vibanda vinavyovutwa kwa waya. Mpandishe mama kwenye waya, dakika chache tu mko juu. Balaa ni foleni ya kushuka. Meli nyingi zikifika siku moja, mtasimama juani mpaka mchoke, kwa hiyo rudini mapema.

BintiAthens: Punda hapana jamani! Wengi ni nyumbu (chotara wa punda na farasi), na zile ngazi mawe yake yamesuguliwa yakang'aa, juu yake kinyesi. Mguu mzima unateleza, sembuse goti bovu. Tangu 2018 sheria imekataza kuwabebesha zaidi ya kilo 100. Mama apige nao picha, yatosha.

Kizibo: Mimi ningeiacha hata Oia. Basi lipo kutoka Fira, ila mkifika ni vichochoro na kusukumana. Mpeleke Akrotiri: mji uliofukiwa na majivu ya volkano zaidi ya miaka 3,500 iliyopita. Uko chini ya paa, kivuli tupu.

BintiAthens: Kizibo, mtu atoke Tanga aje kuona magofu? 😂 Amboni si yapo mapango? Mkae Fira mgahawani, muagize fava. Ni punje za njano za jamii ya kunde, zimepondwa, juu kitunguu na mafuta ya zeituni. Ataona dengu hizo.

Mwana_Pwani: Asanteni sana. Nimemsomea mama yote. Punda kamwacha kwa shingo upande, Akrotiri kaipenda. Anauliza hiyo fava inaliwa na wali au mkate?

BintiAthens: Mkate. Wali abebe mwenyewe.